Tofali Lililotoka Darasani

Kuna kitabu ambacho darasa la fasihi halikigusi, na ni hasara. Kwa Kihispania kinaitwa El Ladrillo, yaani tofali, jina la utani lililotokana na unene wake. Kiliandikwa kimyakimya jijini Santiago, Chile, kati ya 1972 na 1973, na wanauchumi ambao wengi wao walisomea Chuo Kikuu cha Chicago. Rais alikuwa Salvador Allende, msoshalisti aliyechaguliwa kwa kura. Jeshi lilipompindua tarehe 11 Septemba 1973, wakuu wapya wa nchi wakawa na mpango tayari mkononi. Umma ulisubiri hadi 1992 ndipo kikachapishwa.

Hebu tukisome jinsi tunavyosoma riwaya. Wahusika wakuu ni bei, ruzuku, forodha na soko la mitaji. Makosa ya serikali zilizotangulia yanachambuliwa kwa makali, na kusema ukweli, mengi yalikuwa makosa kweli: mfumuko wa bei ulikuwa unawatafuna watu. Lakini kila andiko lina msomaji wake. Waandishi wa Tofali hawakumwandikia mpiga kura. Walimwandikia yeyote atakayeshika usukani, bila kuuliza sana ameushikaje.

Tabia hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1956 idara ya uchumi ya Chicago ilianza mkataba na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile, kwa pesa za serikali ya Marekani. Santiago ndiko pia yalikokuwa makao ya CEPAL, tume ya Umoja wa Mataifa ambako Raúl Prebisch na wenzake walihubiri kwamba nchi maskini zilinde viwanda vyao. Chicago ilikuja kuleta dawa ya mawazo hayo. Vijana walipelekwa, wakafundishwa nadharia ya bei, wakalelewa na Arnold Harberger, profesa aliyeoa Mchile, kisha wakarudi kufundisha nyumbani. Ndani ya miaka michache kitivo cha Santiago kikawa kama tawi la Chicago.

Machi 1975 Milton Friedman mwenyewe alifika, akakutana na Pinochet, akashauri bajeti ikatwe kwa kishindo. Lawama zilipomfuata alijitetea kwamba mchumi ni kama daktari: anayesaidia kumaliza tauni hana hatia ya serikali iliyopo. Mfano mtamu, lakini eti daktari gani huyo, ambaye mgonjwa wake amefungwa mdomo? Orlando Letelier, aliyekuwa waziri wa Allende, aliandika Agosti 1976 kwamba dawa ile na mateso yale ni kitu kimoja, kwani bila bunduki watu wasingeimeza. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Septemba, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake jijini Washington. Oktoba, Friedman akatangazwa mshindi wa Nobel.

Wapenzi wa Chicago watataja ukuaji wa uchumi, na wana haki ya kuutaja. Wataje pia 1982, wakati uchumi wa Chile uliporomoka kwa takriban 14% na serikali ya soko huria ikaishia kuchukua usimamizi wa mabenki. Umaskini ulipungua sana baada ya 1990, chini ya serikali zilizochaguliwa, ambazo zilihifadhi sehemu kubwa ya mfumo lakini zikaongeza ushuru na matumizi ya kijamii.

Sisi huku tunaijua lugha hiyo. Kenya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya kiuchumi kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980, na wazazi wetu wakaanza kusikia "kugharimia pamoja" wakiwa kwenye foleni ya hospitali. Ndiyo maana nasisitiza maandishi makavu yasomwe kama fasihi. Waliosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu walikuwa wahakiki, hata kama hakuna aliyewaita hivyo.

Mstari wa Tofali unaonisumbua zaidi ni wa pensheni. Mwaka 1980 wazo hilo likawa sheria: mfanyakazi akatwe 10% ya mshahara, ziende kwa kampuni binafsi, aombe soko limwonee huruma uzeeni. Mwaka 2019, nauli ya metro ya Santiago ilipopanda kwa peso 30, pensheni hizo zilikuwa miongoni mwa hasira zilizojaza barabara. Wanajeshi, waliotia sahihi sheria hiyo, walibaki na mfumo wao wa zamani.