Nyumba njema si mlango



Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake, usiihukumu nyumba kwa kuutazama ukuta wake wa nje. Ingia, uone wanaokaa ndani, uone wanakula nini, na wanamwabudu nani. Leo twataka kulipima kwa neno hilo jumba moja lililo mbali sana nasi, katika nchi ya Marekani, karibu na mji wa Philadelphia. Jina lake ni Woodmont. Ni jumba la mawe lenye vyumba 32, limezungukwa na shamba la ekari zaidi ya 70. Wenye jumba hilo si matajiri wala si serikali. Ni kikundi kidogo cha dini, watu wachache, wengi wao wazee.

Labda mtauliza: jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu sana, kwani jumba hili latuletea swali linaloulizwa kila siku katika vijiji na miji yetu. Swali ni hili: mtu akinilisha wakati wa njaa, akaniketisha pamoja na wale walionidharau, je, imenipasa kumfuata katika kila asemalo, hata kumwabudu?

Jumba la tajiri

Woodmont ilijengwa kati ya miaka 1891 na 1894. Aliyeijengesha ni Alan Wood Mdogo, tajiri wa viwanda vya chuma, aliyekuwa zamani mjumbe katika Bunge la Marekani. Mchora-ramani wake alikuwa William Lightfoot Price. Fundi huyu alifuata namna ya majumba ya wakubwa wa Ufaransa wa zamani: paa zenye mteremko mkali, minara, dohani ndefu, na ndani yake ukumbi mpana wa kupokea wageni. Kazi yake ni safi. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliandika jumba hilo katika hesabu ya majengo makubwa ya historia ya taifa, na kwa upande wa ufundi hatuna neno la kupinga.

Lakini kila jengo lina neno lake. Kanisa dogo la matofali mabichi, lililojengwa na Wakristu wa kijiji kwa mikono yao, lasema: njooni wote. Woodmont iliwekwa juu ya kilima, na chini yake ni bonde la mto Schuylkill, palipokuwa viwanda vya chuma vya ukoo wa Wood. Jumba la namna hiyo lilisema: mimi niko juu, ninyi mko chini. Wafanyakazi wa viwandani waliweza kuinua macho na kuliona. Kuketi mezani ilikuwa habari nyingine.

Tajiri alikufa, na jumba likapita katika mikono ya watu wengine. Halafu mwaka 1953 likaingia katika mikono ambayo Bwana Wood asingeweza kuifikiri hata katika ndoto. Mfuasi mmoja alimtolea jumba hilo mtu mweusi aliyeitwa Father Divine, maana yake Baba wa Kimungu.

Meza iliyokuwa njema

Mtu huyu hakupenda kusema habari za asili yake. Walioichunguza sana wasema kwamba jina lake la kwanza lilikuwa George Baker. Mwaka 1919 alinunua nyumba katika mji mdogo wa Sayville, karibu na New York, mahali pa Wazungu watupu. Huko alikaa na wafuasi wake, akawatafutia kazi katika nyumba za watu, akawafundisha kuishi bila ulevi. Siku ya Dominika aliandaa karamu, na aliyekuja alikula bila kulipa. Kisha mwaka 1929 mali ya Marekani ilianguka, viwanda vikafungwa, watu wakakosa kazi na chakula. Wenye njaa wakamjia kwa wingi, Weusi na Weupe pamoja.

Majirani wakakasirika. Mwaka 1931 akakamatwa kwa kosa la kusumbua watu wa mji, na mwaka 1932 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Baadaye baraza la juu likaivunja hukumu hiyo. Kutoka hapo alikwenda Harlem, mtaa wa Weusi katika New York, na huko wafuasi wake wakafungua maduka na nyumba za kulia ambamo maskini alishiba kwa senti chache tu. Mwaka 1942 alihamia Philadelphia. Mwaka 1948 kikundi chake kilinunua hoteli kubwa ya mji huo, wakaiita Divine Lorraine, na ndani yake Mweusi na Mweupe walipokewa sawasawa. Siku zile jambo hilo lilikuwa ajabu katika Marekani.

Basi, alipolipata jumba la Woodmont aliliweka meza. Chakula kilipitishwa kutoka mkono hata mkono, sahani baada ya sahani, na kila mmoja akamhudumia jirani yake. Wapishi, wafuaji wa nguo na watumishi wa nyumbani, Weusi kwa Weupe, waliketi juu ya vitambaa vyeupe katika jumba la tajiri wa chuma.

Tuseme nini juu ya meza hiyo? Tuseme kweli: ilikuwa njema. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, unatufundisha kwamba Eklezya haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Mtu awaye yote akimlisha mwenye njaa, hatuna ruhusa ya kuiita kazi hiyo mbaya kwa sababu haikufanywa na mtu wetu.

Na tuongeze neno la uchungu. Kwa nini wale Weusi walikimbilia meza ya Father Divine? Kwa sababu katika meza nyingine hawakupata kiti. Hata katika makanisa mengine ya Katolika ya Marekani, Mkristu mweusi alipaswa kuketi nyuma au juu ghorofani, na kungoja Weupe wamalize kupokea Komunyo ndipo apokee yeye. Mtume Yakobo alikwisha kuwakemea Wakristu wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kando. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto waliokula na kushiba huku wenzao wana njaa. Maneno hayo yalisomwa katika makanisa yale yale, na benchi hazikuhamishwa. Anayeshangaa kwamba dini ndogo zimeota kama uyoga, aangalie kwanza benchi zetu.

Kiti kisichokuwa haki yake

Lakini mezani hapo palikuwa kiti kimoja cha mbele, na penye kiti hicho pana ugonjwa wa nyumba nzima. Wafuasi walimwita Father Divine Mungu mwenyewe. Naye aliwaacha waseme hivyo, akaipokea ibada yao.

Kumbukeni mfano wa Mitume. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua, akamwambia kwamba yeye naye ni mtu tu. Watu wa Listra walipotaka kuwatolea Paulo na Barnaba sadaka kama miungu, wale wawili walirarua nguo zao kwa huzuni, wakakimbilia katikati ya watu kuwazuia. Hicho ndicho kipimo. Mtumishi wa kweli akisifiwa kupita kiasi hushtuka; wa uongo hukaa vizuri zaidi juu ya kiti chake.

Tazameni pia habari ya hakimu. Yule aliyemhukumu Father Divine mwaka 1932 alikufa kwa ugonjwa wa moyo siku chache tu baada ya hukumu. Wafuasi wakaona kuwa ni ishara ya uwezo wa bwana wao, na sifa yake ikaenea sana kwa ajili ya kifo hicho. Ndugu zangu, hakimu kufa si ushahidi wa umungu; mahakimu hufa kama watu wote. Sisi twamjua Mmoja aliyehukumiwa bila kosa, naye msalabani aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Akida aliyesimama pale hakuanguka akafa: alisadiki.

Father Divine aliwapa watu wake sheria kali. Aliwakataza tumbako, pombe, matusi na lugha chafu. Akawakataza pia kupokea zawadi, rushwa na matabishi. Sheria hiyo ya matabishi ingefaa kubandikwa katika ofisi nyingi. Lakini mwenye kuiweka sheria alijipokelea mwenyewe matabishi makubwa kuliko yote: sifa iliyo haki ya Mungu peke yake.

Nyumba bila watoto

Katika sheria yake kulikuwa na jambo jingine: wanaume na wanawake walikaa mbali mbali, wala hawakuoa wala kuolewa. Waliokuja wakiwa mume na mke waliishi kama kaka na dada. Mwenyewe alimwoa mwaka 1946 msichana mweupe wa Kanada, Edna Rose Ritchings, ambaye wafuasi walimwita Mother Divine, maana yake Mama wa Kimungu. Lakini walisema ndoa hiyo ni ya kiroho tu.

Labda mtu atasema: je, nasi hatuna mapadri, masista na mafreri wasiooa? Tunao, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini sikilizeni tofauti. Sista wetu alizaliwa na baba na mama waliofunga ndoa mbele ya altare. Eklezya yaheshimu useja kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, na yaheshimu ndoa kuwa Sakramenti. Haikung'oa mgomba ili ipate ndizi. Father Divine aliwataka watu wake wote waache ndoa, na matokeo yake yaonekana kwa macho. Hoteli ya Divine Lorraine iliuzwa mwaka 2000. Waliokuwa maelfu wakawa makumi.

Nalo lile swali la kiti lilizaa hatari. Father Divine alikufa tarehe 10 Septemba 1965. Wafuasi walisema ameuweka mwili kando tu, naye yupo; wakaendelea kumwandalia mahali pake mezani. Lakini kiti cha namna hiyo hutamaniwa. Mwaka 1971 alifika Woodmont mhubiri mmoja, Jim Jones, pamoja na watu wake, akajidai kwamba roho ya Father Divine imo ndani yake, akataka kuurithi ufalme. Mother Divine alimkataa, akamwondoa. Tumpe sifa yake kwa tendo hilo, kwani tarehe 18 Novemba 1978, katika nchi ya Guyana, watu zaidi ya 900 waliomfuata Jones walikufa kwa sumu na mauaji, na wengi walikuwa watoto. Ona basi: watu wakizoezwa kumwita mtu Mungu, watamtambuaje mwizi akija kuketi kiti kile kile?

Kaburi

Karibu na jumba wafuasi walijenga kaburi zuri, lililomalizika mwaka 1968, na humo wakauweka mwili wa Father Divine. Wakalipa jina la Patakatifu pa Uzima. Mother Divine naye alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 91. Kwa miaka mingi wageni walikaribishwa kulitazama jumba bila malipo, mradi wamevaa kwa heshima, na wazee wa nyumba waliwapokea kwa upole na kuwaeleza kila kitu. Upole huo si wa kuchekwa.

Lakini tukifika kaburini hukumu yetu haina budi kutamkwa. Jina ni la uzima, na ndani mna maiti. Imani yetu ilianza penye kaburi lingine, ambalo wanawake walilikuta asubuhi liko wazi na tupu. Kama mwili wa Yezu Kristu ungalikuwa humo mpaka leo, hata tungaliujengea nyumba ya marmari, kazi yetu ingalikuwa kupangusa vumbi na kuonyesha wageni vyumba. Hiyo ndiyo kazi iliyowabakia watu wa Woodmont. Jumba walilipata, wakalitunza vizuri kuliko matajiri waliowatangulia. Lakini aliyekuwa msingi wa imani yao amelala nje penye nyasi.

Basi lile swali la mwanzo lina jibu. Aliyekulisha, mshukuru. Aliyekuketisha pamoja na waliokudharau, mheshimu, na watoto wako wajue jina lake. Akikuomba umwabudu, ondoka mezani, hata kama chakula bado cha moto. Vivyo hivyo nabii wa mtaani, vivyo hivyo mkubwa wa siasa, na hata mwalimu wa dini au padri, ikitokea mmoja wao akapenda kusifiwa kama Mungu.

Wala tusiondoke tukiwacheka wale wazee. Dominika ijayo, baada ya Misa, kila parokia ijitazame: mjane aliyekimbia vita anaketi wapi? Mtu wa kabila lingine anasalimiwa na nani mlangoni? Mgonjwa asiye na ndugu alikula nini jana? Tukiwaacha hao nje, atakuja mwingine kuwaandalia meza, na penye meza hiyo ataweka kiti chake.