Mkono Unaojua Kuacha

Novemba 16, 1992, mkulima mmoja wa Hoxne, huko Suffolk mashariki mwa Uingereza, alikuwa amepoteza nyundo shambani. Rafiki yake Eric Lawes, aliyekwisha kustaafu, akaja na kigunduzi chake cha metali kumsaidia kuitafuta. Mashine ikalia. Lawes akafukua sarafu za fedha na za dhahabu, na vijiko, na bado inalia. Hapo ndipo alipofanya jambo ninalolistahi kuliko bahati yenyewe: aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Kesho yake waakiolojia wakafika.

Kwa kuwa aliacha, wataalamu walikuta vitu vingi vikiwa bado vimelala kama vilivyolazwa na mwenyewe, karne 16 zilizopita. Waliweza kuona alama za sanduku la mbao lililokwisha kuoza, na jinsi vyombo vilivyopangwa ndani yake. Sarafu za Kirumi peke yake zilikuwa zaidi ya 14,000. Kilichonigusa mimi ni kichupa kidogo cha fedha chenye umbo la mwanamke, cha kuwekea pilipili manga. Pilipili hiyo ilitoka India, ikavushwa kwa jahazi katika bahari hii hii tunayovulia dagaa. Angechimba kwa pupa, tungebaki na dhahabu tu, bila habari zake.

Mashine yenyewe haijui dhahabu wala thamani. Ndani ya ile sahani ya mviringo mna koili ya waya. Umeme ukipita humo huzaa uga wa sumaku unaozama udongoni. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo hurudisha uga wake, koili ikauhisi. Basi. Yaliyobaki ni ya sikio na mkono. Misumari yenye kutu kwa kawaida hukoroma, na sarafu ya fedha hulia kwa sauti nyembamba. Lakini pete ya dhahabu na kishikizo cha kopo la soda huweza kutoa mlio mmoja, kwa hiyo mtafutaji mwaminifu hupiga magoti mara mia kwa ajili ya takataka, bila kununa. Sahani huenda sambamba na ardhi, karibu iguse majani, na kila mpito hulalia kidogo ule uliotangulia. Mkono ukiinuka mwishoni, kama wa mtu anayefyeka, kilichozama kinapitwa. Na udongo mwekundu wenye chuma kingi hupiga kelele wenyewe. Watafutaji wa dhahabu wa Chunya wanaijua adha hiyo: mashine hurekebishwa kwanza iuzoee udongo, ndipo mlio wake uaminiwe.

Ufundi huu ulikomazwa na vita. Józef Kosacki, afisa wa Poland aliyekimbilia Uingereza, alibuni kigunduzi cha kubebwa mkononi, akawapa Waingereza bila kudai hataza. Mwaka 1942 kiliwasafishia askari njia kati ya mabomu ya El Alamein, Misri. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo.

Na kazi hiyo ya kusafisha mabomu haijaisha duniani, ingawa kwingine imefika mwisho. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015, na miongoni mwa waliolifanikisha hilo ni panyabuku waliofunzwa Morogoro. Panya hunusa baruti, kwa hiyo hupita juu ya misumari bila kujali. Akikwaruza mahali, huja binadamu na mashine. Huyo hupiga magoti, akaondoa udongo taratibu kutoka ubavuni, kamwe si kutoka juu, wala hadharau mlio mdogo, kwa maana bomu la plastiki huweza kuwa na kipande cha chuma kidogo kuliko pini. Kwake kila mlio ni bomu mpaka udongo uonyeshe vingine. Anayetafuta sarafu siku ya mapumziko na huyu anayetegua mabomu wanashika ala ile ile, na wote wawili hupimwa kwa kitu kimoja: mkono unaotulia pale ambapo moyo unataka kwenda mbio.

Nyundo ya Hoxne nayo ilipatikana. Leo ipo katika jumba la makumbusho la British Museum, kama hazina yenyewe.