Taa Nne na Uso Mmoja

Kwa miaka mingi nilifundisha fizikia, na baadaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu, kwa hiyo msomaji asishangae nikianza habari za picha kwa kutaja umbali wa taa. Mwanga una tabia moja niliyoiandika ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu: taa ndogo ukiipeleka mbali mara mbili ya pale ilipokuwa, mwanga unaoufikia uso haubaki nusu, unabaki robo. Ukiipeleka mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Wanachuo wangu waliikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha wakaisahau. Ninayemjua aliyeitumia maishani ni mmoja tu, naye hakudumu katika ualimu. Aliacha chaki akafungua studio ya picha.

Nitamrudia kijana huyo. Kwanza nimzungumzie bwana mkubwa wa kazi yake, maana pasipo kipimo hatuwezi kusahihisha.

Yousuf Karsh alizaliwa Mardin mwaka 1908, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, katika familia ya Waarmenia. Alihamia Kanada akiwa kijana, akapokewa na mjomba wake aliyekuwa mpiga picha, kisha akapelekwa Boston kujifunza kwa John Garo. Garo alitegemea mwanga wa mchana. Taa za umeme Karsh alijifunzia kwingine kabisa: katika jumba dogo la michezo ya kuigiza mjini Ottawa, miaka ya 1930. Nadhani jambo hili ndilo ufunguo wa kazi yake yote, nguvu zake na udhaifu wake. Jukwaani taa haiwashwi ili mwigizaji aonekane tu. Huwaambia watazamaji wamtazame nani, na wamwogope au wamwonee huruma. Karsh aliyachukua mambo hayo akayaingiza studio.

Kwa asiyeijua kazi hii, mpango wa taa nyingi si mgumu kuuelewa. Iko taa kuu, ambayo huwekwa upande mmoja na juu kidogo ya uso, nayo ndiyo inayochonga pua, shavu na kidevu. Iko ya pili, hafifu au ya mbali zaidi, inayopunguza giza la upande wa pili bila kuliondoa. Ya tatu hutoka nyuma, ikachora ukingo wa nywele na mabega ili mtu asizame katika giza la ukuta. Ya nne huangaza ukuta wenyewe. Karsh aliongeza desturi yake: aghalabu mikono aliipa mwanga wake peke yake. Mtazame Einstein alivyopigwa mwaka 1948, mikono imefumbatana mbele ya uso. Huwezi kusema ni uso au ni mikono inayofikiri.

Picha yake iliyovuma kuliko zote ni ya Winston Churchill, iliyopigwa bungeni Ottawa tarehe 30 Desemba 1941. Kisa chake kinajulikana: Churchill hakutaka kuiacha sigara yake, Karsh akasogea, akaomba radhi, akaitoa mdomoni mwa mzee, akarudi kwenye kamera na kupiga. Ndiyo maana uso ule umenuna kama simba aliyepokonywa nyama. Kila anayekisimulia kisa hiki husimulia sigara. Mimi kama mwalimu huvutiwa na jambo lisilosimuliwa sana, kwamba Karsh alikuwa amekwisha kuzipanga taa zake chumbani humo usiku uliotangulia. Churchill hakuwa ameambiwa kwamba atapigwa picha, akakasirika taa zilipowashwa, akatoa ruhusa ya picha moja. Kama Karsh angekuwa bado anasogeza vigingi na nyaya, hasira ile ingepita bila kunaswa. Vyuoni tunaliita jambo hilo andalio la somo. Mwalimu asiye na andalio hawezi hata kulitumia vizuri swali zuri la mtoto.

Hata hivyo sina budi kusema ninaloliona. Ukikaa na kitabu cha Karsh jioni nzima, unachoka. Waandishi, wafalme, wanasayansi, mapapa, wote wametoka gizani kwa namna moja, wote wamechongwa kwa shaba. Hemingway na fulana yake nzito ya shingo ndefu, mwaka 1957, ana hadhi ileile ya mtu wa dola. Taa zimekwisha kuamua kwamba huyu ni mtu mkubwa kabla hatujamtazama. Labda ndiyo sababu picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mpiga muziki Pablo Casals, ya mwaka 1954, ambayo haifanani na nyingine. Casals ametupa mgongo, anapiga selo yake ndani ya jengo la kale la watawa huko Ufaransa, na juu ya ukuta wa mawe kuna kidirisha kimoja. Hakuna uso, lakini mtu yumo.

(Ile ya Churchill ilitundikwa katika hoteli moja ya Ottawa, ikaibwa, na mahali pake pakawekwa nakala ya bandia. Hayo yaligunduliwa Agosti 2022, baada ya miezi kadhaa, na mwaka 2024 ikapatikana Italia. Muda wote huo wageni walikuwa wakipita na kuitazama bandia. Hivyo ndivyo tunavyotazama picha.)

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Mwaka 2010 nilipostaafu, alitualika mimi na mke wangu studio kwake. "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama, leo ni zamu yangu kuwapanga." Alikuwa na taa nne, mbili zenye miavuli. Mimi alinipanga kwa utaratibu nilioueleza hapo juu, na ile picha imening'inia chuoni pamoja na za wakuu wengine. Ni picha nzuri. Nimetoka kama mtu ambaye hajapata kuchelewa kulipa ada ya mtoto.

Ilipofika zamu ya mke wangu, alibadili mpango. Taa ya pili aliisogeza karibu hadi ikawa sawa na ya kwanza, akaleta ya tatu mbele, kimo cha macho, akaongeza nguvu. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, Mama lazima atoke kijana." Nilinyamaza. Nilikuwa mgeni, na nilifurahi kwamba anamheshimu mke wangu.

Mwaka 2019 mke wangu alifariki. Watoto walichagua picha ile iwekwe mbele ya jeneza, na baadaye ikatundikwa sebuleni. Siku moja mjukuu wangu, binti wa miaka sita, aliitazama akaniuliza, "Babu, kumbe bibi alikuwa mweupe?"

Sikuweza kumjibu upesi. Mke wangu alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, na mikunjo miwili kando ya mdomo aliyoipata kwa kucheka. Taa tatu za nguvu sawa zilikuwa zimekula vyote. Kosa hapa ni la kazi, wala si la nia. Uso mweusi hausomwi kwa kuumiminia mwanga kutoka kila upande. Husomeka pale mwanga mpana unapotoka ubavuni, ukaacha mng'aro juu ya shavu na kivuli chini yake. Ondoa kivuli, mng'aro nao unakosa mahali pa kuegemea. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alilijua hilo vizuri. Aghalabu alipiga uani kwa mwanga wa jua, kitambaa cha kutandikia kitanda kikiwa nyuma, na watu wake wana ngozi, wana umri, wana mji wanaotoka.

Nilimpigia simu kijana wangu. Sikumgombeza, kwanza ana miaka karibu hamsini. Nilimweleza swali la mtoto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile kuna nyingine." Ilikuwa mwishoni, anazima taa moja moja, imebaki ile kuu tu ubavuni na ukuta mweupe ukirudisha mwanga kidogo. Mke wangu alikuwa bado ameketi, akinitazama ninavyohangaika kuvua koti la suti. Kijana alikuwa ameibonyeza kamera bila kumwambia mtu, na hakuwahi kutuonyesha kwa sababu aliiona haikupangwa.

Aliileta mwenyewe. Nusu ya uso imo kivulini, mikunjo yote miwili ipo, kitenge kimelegea begani. Nimeitundika kando ya ile nyingine, maana watoto hawataki ile ishushwe, nami sitaki ugomvi. Mjukuu wangu alizitazama zote mbili kwa muda, akaelekeza kidole kwenye hii mpya, akauliza bibi alikuwa anacheka nini.

"Kitambi changu," nikamwambia.