Moyo Mzima na Moyo wa Pande Mbili
Maneno ya mwalimu juu ya kitabu cha John Bunyan

Baada ya Biblia yenyewe, vitabu vya Kikristo vilivyofasiriwa katika lugha nyingi kama The Pilgrim's Progress cha John Bunyan ni vichache mno, na sisi wasomaji wa Kiswahili tumekipata pia. Wengi wetu twaijua habari yake: Mkristo, mwenye mzigo mgongoni, atoka katika Mji wa Uharibifu aende Mji wa Mbinguni. Habari twaijua, lakini sidhani kama tumelijibu vema swali ambalo kitabu chatuuliza, nalo ni hili: kumtumikia Mungu kwa moyo wote maana yake nini? Mara nyingi twasema upesi kwamba moyo mzima ni moyo usioogopa. Mimi nimekisoma kitabu hiki na kukisomesha, nami naona ya kuwa Bunyan halikubali jibu hilo. Nitaonyesha kwa nini, na nitasema pia mahali ninapoona kitabu kimepungukiwa.

Kwanza yafaa kumjua mwandishi. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sufuria na vyombo vilivyoharibika, kama baba yake. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa kifungoni miaka 12, hata 1672. Kama angaliahidi kuacha kuhubiri, angalifunguliwa. Alikuwa na mke na watoto wanne, mmoja wao kipofu, naye gerezani akawa akitengeneza kamba za viatu ziuzwe wapate chakula. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilipigwa chapa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Basi alipoandika juu ya moyo mzima hakuandika habari ya kusikia tu.

Sasa tutazame mtu mmoja ambaye Mkristo alikutana naye njiani, baada ya rafiki yake Mwaminifu kuuawa katika Soko la Ubatili. Kwa Kiingereza aitwa By-ends, maana yake mtu ambaye nia yake iko kando ya lile analolisema. Si mlevi, wala si mwizi, wala hamtukani Mungu. Yeye naye asafiri katika njia ile ile, na maneno yake ni matamu. Lakini dini yake ina masharti mawili: haendi kinyume cha upepo wala cha maji, na aipenda dini inapovaa viatu vya fedha na watu wakiishangilia. Mkristo amjibu kwamba dini imepasa kukubaliwa hata inapovaa matambara, hata inapofungwa minyororo. By-ends akataa. Mwisho wake ni kwamba yeye na wenzake waliitwa na Dema watazame shimo la fedha lililokuwa kando ya njia, wakaenda, wala hawakuonekana tena njiani.

Bunyan asema ya kuwa babu wa kale wa mtu huyo alikuwa mpiga makasia, akitazama upande huu na kuvuta chombo kwenda upande ule. Hapo wanafunzi wangu walikwama, nami nikatambua sababu. Sisi tumezoea kafi, na mwenye kafi hutazama mbele, aendako. Bali mwenye makasia huketi akiipa mgongo njia yake, na macho yake yako alikotoka. Nilipowaeleza hayo wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alijiona. Mwalimu afundishaye vema siku ile mkaguzi ajapo, mzee wa kanisa atoaye sadaka kubwa watu wakimtazama na kuisahau akiwa peke yake, sisi sote ni wajukuu wa mpiga makasia yule. Bwana wetu alikwisha sema, katika Mathayo 6, juu ya mtu kuwatumikia mabwana wawili. Bunyan ametuonyesha sura ya mtu huyo, na hapa kalamu yake ni kali kweli.

Walakini nimesema kitabu kina upungufu. Jioni moja nalikuwa nikiwasomea watu wazima mwanzo wa kitabu, pale Mkristo anapotia vidole masikioni na kukimbia, na mke wake na watoto wakimwita. Mama mmoja mzee akauliza, “Mwalimu, na hao waliobaki, nani aliwalisha?” Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba mbele kidogo, katika nyumba ya wale wanawali, Mkristo aeleza jinsi alivyowasihi jamaa zake na kuwalilia. Ni kweli pia kwamba hii ni mifano, wala Bunyan mwenyewe hakuwaacha wake wenye njaa. Lakini mfano huenda mbali kuliko nia ya mwandishi, na msomaji mwepesi aweza kudhani kwamba moyo mzima ni kuwapa watu kisogo. Huo ni upungufu, wala si haki kuuficha.

Nadhani Bunyan aliuona, maana katika sehemu ya pili mke wa Mkristo asafiri na watoto wake wanne na rafiki yake Rehema, na Moyo Mkuu awaongoza. Wasomaji wengi huishia sehemu ya kwanza, wakisema ya pili imepoa. Hawasemi uongo kabisa: Moyo Mkuu apigana na majitu, na wengine hutazama zaidi kuliko kupigana. Lakini ndani ya sehemu hiyo iliyopoa mna mtu ambaye kwangu mimi apita wote, naye ni Bwana Mwoga.

Moyo Mkuu aeleza habari zake. Alilala penye Tope la Kukata Tamaa yapata mwezi mzima, akiogopa kuvuka, wala hakukubali kurudi. Alipofika mlangoni alisimama akitetemeka, akiwaacha wengine watangulie. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba labda hatapokewa. Bali simba hakuwaogopa, na katika Soko la Ubatili alikuwa tayari kupigana na watu wote, kwa jinsi alivyouchukia upumbavu wao. Na alipofika mtoni, maji yalikuwa yamepungua kuliko wakati wowote, akavuka bila kulowa sana.

Tuwaweke hao wawili pamoja. By-ends haogopi neno, na moyo wake ni wa pande mbili. Mwoga aogopa karibu kila siku, na moyo wake ni mmoja. Hili ndilo jambo ambalo kitabu chatufundisha: moyo mzima haupimwi kwa ushujaa wake, bali kwa upande unaoelekea. Yule baba katika Marko 9 alimjia Bwana na imani pungufu, akaikiri, na mtoto wake akaponywa.

Yule mama mzee hakuja Mezani pa Bwana muda mrefu. Alisema, “Moyo wangu si mzima, naogopa.” Nilimsomea habari za Bwana Mwoga, pole pole, siku mbili. Alipokwisha kusikia jinsi maji yalivyopungua, akauliza kama ndivyo ilivyoandikwa kweli. Nikamwambia ndivyo. Jumapili iliyofuata aliketi mbele.

Basi ndugu wasomaji, mkikipata kitabu hiki msiishie katikati. Someni sehemu zote mbili. Na mkisoma, msijiulize kwanza kama mwaogopa, jiulizeni macho yenu yanatazama wapi mnapovuta chombo.