Kakesio: Maji Yalizima, Mnyororo Ukaua

Maji yaliizima tu injini ile. Aliyeiua ni yule aliyesema, "Leteni mnyororo."

Mliokuwapo korongoni Kakesio mliona wenyewe. Land Cruiser ya watalii, chesesi imerefushwa, injini yake ya 1HZ imefungwa turbo, snokeli imesimama kama pembe ya choroa, inaingia majini kwa mbwembwe na kukata ghafla katikati. Wakati ule hasara ilikuwa siku moja ya kazi na galoni chache za oili. Muda mfupi baadaye hasara ikawa injini nzima.

Namna injini inavyozimika ni nusu ya jibu. Ikikosa dizeli huanza kukohoa na kupoteza nguvu, ndipo izime. Taimingi belti ikikatika, starta huzungusha kwa wepesi unaotia shaka. Hii ilikata papo hapo, maji yakiwa usawa wa taa, na dereva alipopiga starta ikatoa mlio mmoja mfupi na kugoma. Betri ilikuwa salama, maana honi ililia vizuri. Kwa fundi yeyote wa dizeli, hayo yanatosha kushuku maji ndani ya silinda.

Pigeni hesabu. 1HZ ina sisi 4,164 kwa silinda sita, na mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 32 kwa kila silinda, yaani vijiko viwili tu vya mezani. Hewa hukubali kubanwa humo, lakini maji hayakubali. Ukilazimisha, lazima kitu kipinde, na kwa kawaida hupinda konrodi.

Sasa tuje kwenye ule mvuto wa kwanza wa mnyororo, wa kujaribu kuiwasha injini. Gari liko gia ya pili, klachi ikaachiwa, na matairi ya nyuma yakagoma kuzunguka, yakaburuzika topeni. Hapo injini ilishasema kwamba haizunguki. Najua mtanijibu kwamba dizeli yoyote huburuza matairi kwenye utelezi. Ni kweli, ila yaunganisheni na starta iliyogoma na mahali gari lilipozimikia, halafu mniambie kilibaki kitu gani cha kubahatisha.

Walichofanya ndicho kinachonikera hadi leo. Walilivuta gari hadi kwenye changarawe, matairi yapate kushika vizuri, wakaweka gia ya tatu na kuongeza mwendo. Utelezi ndio uliokuwa kinga ya mwisho ya injini ile, nao wakauondoa kwa makusudi. Klachi ikaachiwa mara ya pili, na ule mlio mliusikia. Si wote waliokosea: aliyefunga mnyororo kwenye ndoano ya chesesi badala ya bampa aliijua kazi yake. Fundi wa Karatu aliyefungua na kukuta konrodi imetoboa bloku naye alichambua vizuri.

Kazi iliyotakiwa ilikuwa ya spana na subira. Fungua boksi la filta ya hewa. Ikiwa imelowa, weka funguo mfukoni. Chomoa kijiti cha oili uangalie kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili dizeli isirushwe, kisha toa hita plagi zote sita. Zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye bolti ya puli ya krankishafti, mpaka maji yatoke kwenye matundu. Ndipo upige starta, tena plagi zikiwa bado nje, usiweke uso wako juu ya matundu. Kausha, badilisha oili na filta, rudisha plagi, washa na usikilize. Ikigonga, zima. Mtasema jua lilikuwa linazama na wageni walikuwa ndani, na Kakesio iko mbali, huko mbele ya Endulen. Aliyeshindwa kungoja saa mbili ndiye aliyelala njiani na wageni wake.

Na maji yaliingiaje kwenye gari lenye snokeli? Hili nimelisema hadi nimechosha watu, na nitalisema tena. Turbo ilipofungwa, bomba la hewa lilikatwa na kuungwa upya, na kiungo kati ya snokeli na boksi la filta kikapakwa silikoni bila klipu. Snokeli ya namna hiyo ni pambo. Turbo yenyewe kwenye 1HZ ni ugomvi wangu wa zamani. Toyota walipotaka turbo kwenye sisi zilezile 4,164 walitengeneza 1HD-T, wakashusha mgandamizo hadi 18.6 kwa 1 na kuweka majeti ya oili ya kupoza pistoni. Gereji zetu huongeza upepo na kuacha mengine yote kama yalivyotoka kiwandani.

Haikuwa hivi zamani: Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, mashindano yakifanyika Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Joginder Singh, mshindi wa 1965, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1968 mvua iliacha magari 7 tu kati ya 93 yafike mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Kizazi kile kilijua wakati wa kukanyaga na wakati wa kushuka na kufungua boneti. Sisi tuna turbo, snokeli na winchi, lakini spana ya puli haimo garini.

Wenye magari, iwekeni hiyo spana kabla ya masika, mkague na klipu za bomba la hewa. Na injini ikizimikia majini, mvuteni dereva nje kwanza. Gari livutwe likiwa nyutro, mpaka nchi kavu, basi.