Mafundi wa Pembe na Nta

Opera ya Das Rheingold inaanza kwa noti moja ya chini sana inayoshikwa na besi za okestra. Vyombo vinane vya shaba vinaingia juu yake kimoja baada ya kingine, fidla zinafuata, na kwa dakika nne hivi muziki hautoki kwenye msingi ule ule. Unapanuka tu. Richard Wagner, mzaliwa wa Leipzig mwaka 1813, alitaka watu wausikie Mto Rhine kabla ya kuona chochote jukwaani. Noti ile ya kwanza hutetema takriban mara 39 kwa sekunde, na mashine za kurekodi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuweza kunasa sauti nene kiasi hicho. Zilishika sauti za katikati, na upande mmoja wa santuri kubwa ulijaa baada ya dakika nne na kidogo. Der Ring des Nibelungen, ambayo opera hii ndiyo mlango wake, huchukua saa 15 hivi, zikigawanywa katika maonyesho manne.

Mafundi wa wakati ule wangekuwa na kila sababu ya kuukimbia muziki wa namna hiyo. Hawakuukimbia. Waliukata vipande, wakaupanga upya, wakaubembeleza uingie, na ni kazi yao hiyo inayonishika kila ninaposikiliza santuri hizo hapa Isiolo, Kenya, simu ikiwa imeunganishwa na spika, usiku malori ya kwenda Moyale yanapopungua barabarani.

Chumba cha kurekodia hakikuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe ya bati iliyotokeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta, mbali na macho ya wageni, alikuwapo fundi. Mwisho wa pembe ulifungwa kwa kiwambo chembamba, na kiwambo kiliungana na sindano iliyochora mfereji kwenye bamba nene la nta. Nta ilipashwa moto kwanza, kiasi tu cha kulainika. Bamba lenyewe lilizungushwa na mashine iliyoendeshwa na uzito ulioshuka polepole, maana uzito unaoshuka hauyumbi. Zaidi ya hapo, nguvu iliyochimba mfereji ule ilikuwa pumzi ya mwanadamu peke yake.

Kwa hiyo mwimbaji alilazimika kujifunza upya mwili wake. Kwenye noti ya juu alirudi nyuma au aligeuza kichwa, la sivyo sauti ingeirusha sindano na kuharibu nta. Kwenye maneno ya upole alisogea mpaka uso ukaribie kuingia ndani ya pembe. Mara nyingine alisimama mtu kando yake kumvuta na kumsukuma kwa wakati wake. Okestra nayo ilibanwa kwenye benchi za vimo mbalimbali, kila mpigaji akiielekea pembe. Fidla za kawaida zilisikika kwa shida, hivyo mara nyingi zikatumika zile alizozibuni mvumbuzi aitwaye Stroh mwaka 1899, zisizo na sanduku la mbao bali kiwambo na pembe ya chuma. Besi mara nyingi ziliachwa nje na kazi yao akapewa mpiga tuba. Na baada ya yote hayo hakuna aliyeweza kusikiliza alichofanya, kwa sababu kuicheza nta kulikuwa kuiharibu. Nta ilipakwa unga wa grafiti, ikavikwa shaba, na kutokana na shaba hiyo zikatengenezwa mihuri ya kugandamizia santuri. Mwimbaji aliisikia sauti yake wiki kadhaa baadaye.

Wagner mwenyewe hakusikika. Alifariki Venice mwezi Februari 1883, miaka michache baada ya Edison kuunda fonografu mwaka 1877. Walioimba mbele yake, hata hivyo, baadhi yao walifika kwenye pembe. Hermann Winkelmann, aliyekuwa wa kwanza kuimba nafasi ya Parsifal katika opera ya Wagner ya jina hilo mwaka 1882, aliacha santuri kadhaa. Lakini ninayemrudia mimi ni Lilli Lehmann.

Ring nzima ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Bayreuth, mwezi Agosti 1876, sauti ya kwanza ya mtu kusikika baada ya ule utangulizi wa mto ilikuwa ya Woglinde, mmoja wa mabinti wa majini. Woglinde wa siku hiyo alikuwa Lehmann, na aliyewafundisha mabinti hao alikuwa Wagner mwenyewe. Miaka 30 baadaye, kati ya 1905 na 1907, akikaribia umri wa miaka 60, Lehmann aliingia studio za kampuni ya Odeon mjini Berlin. Kwenye kipande chake cha Sieglinde kutoka Die Walküre mkwaruzo ni mkubwa na okestra ni nyembamba, kama watu wachache waliofungiwa chumba cha jirani. Halafu sauti yake inaingia, na mstari wake haukatiki. Anavuta pumzi mahali ambapo sentensi ya Kijerumani yenyewe ingepumua, si mahali ambapo mapafu ya mtu wa umri ule yangeomba. Sikiliza mwisho wa kila mstari: hauachi uanguke, anauweka chini. Muziki umebanwa uishe kabla nta haijaisha, naye haharakishi. Kwangu huo ndio ufundi uliokamilika: kuujua mpaka wa chombo chako sawasawa kiasi kwamba anayesikiliza hauoni.

Huku kwetu kuna njia ya kumwelewa Wagner ambayo vitabu vya Ulaya havina. Kwenye malagga, yaani mito mikavu, ya chini ya Milima ya Mathews, kaskazini mwa Isiolo, wakati wa kiangazi Wasamburu huchimba visima mchangani. Morani hushuka wakapangana mmoja juu ya mwenzake, wakapitishiana ndoo za maji huku wakiimba. Kila familia ina wimbo wake. Ng'ombe wanaungoja mbali, na wakiusikia wa kwao huja kunywa. Wimbo wa jirani hauwaiti. Wagner alijenga saa zake 15 juu ya jambo hilo hilo. Upanga una sauti yake, laana ina yake, mto una yake, na msikilizaji akishaijua sauti hiyo huletwa mahali anapotakiwa bila neno kutamkwa. Mtoto aliyelelewa karibu na visima vile hahitaji kuelezwa nadharia hiyo mara mbili.

Pembe nazo zilifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1906, ndani ya miaka ile ile ambayo Lehmann alikuwa akiingia studio za Odeon, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuwa kusini mwa Tanzania ya leo na fonografu, akirekodi nyimbo za Wayao na Wamakonde kwenye mitungi ya nta. Waimbaji wale walikabili tatizo lile lile la kusimama wapi na kuelekeza mdomo wapi, wala hawakuwa na miaka ya jukwaani nyuma yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri Bombay kurekodi kwa His Master's Voice, na mwaka 1930 Odeon, lebo ile ile ya Lehmann, ikarekodi Mombasa. Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kuimba wimbo mmoja mpaka watu wachoke kutunza alipewa dakika tatu na kitu kila upande. Akachagua beti. Uchaguzi huo nao ni kazi ya fundi, na hausifiwi inavyostahili.

Mafundi wa sasa wanaozihamisha santuri hizi wanastahili sehemu yao. Santuri za zamani hazikuzunguka zote mara 78 kwa dakika. Nyingine zilirekodiwa kwa kasi ndogo, nyingine kubwa. Tofauti ya mizunguko minne au mitano inatosha kuusogeza wimbo mzima karibu nusu toni, na mwanamke mzima akasikika msichana. Ward Marston wa Marekani, ambaye haoni tangu utotoni, ametumia maisha yake akitafuta kasi sahihi, sindano ya unene sahihi, na kiasi cha mkwaruzo kinachoweza kuondolewa bila kuchuna ngozi ya sauti.

Kuhusu Wagner mwenyewe, mwaka 1850 alichapisha makala ya chuki dhidi ya Wayahudi, na hilo halifichiki. Parsifal ilipoonyeshwa mara ya kwanza iliongozwa na Hermann Levi, mtoto wa rabi. Nasikiliza nikiwa na kweli zote mbili mkononi.

Parsifal hiyo hiyo ndiyo bora kwa anayetaka kuanza kusikiliza santuri hizi. Septemba 1913 kondakta Alfred Hertz alirekodi vipande vyake na Berlin Philharmonic kwenye pembe, okestra kubwa ikilazimishwa kupita kwenye mdomo wa bati. Mwaka 1925 maikrofoni iliingia kazini, na mwaka 1927 Karl Muck akarekodi sehemu ndefu za Parsifal kule Bayreuth, katika jumba ambalo opera iliandikiwa. Kwa Muck besi zimerudi, na kuta za jumba zinasikika nyuma ya kwaya. Sikiliza hizo kwanza, sikio lishibe. Kisha rudi kwa Hertz. Utaanza kutambua nani alisogezwa karibu na pembe, nani aliwekwa nyuma, na ni wapi Hertz alipunguza mwendo ingawa nta ilikuwa ikiisha.