Bossa nova na pop ya Brazili: mukono wa gitare umeenda wapi?

Watu wengi kwetu wanajua bossa nova kupitia wimbo mumoja tu, ule wa binti wa Ipanema, tena waliusikia kwa Kiingereza. Tuanzie mbele ya hapo. Mwaka 1958, ku Rio de Janeiro, João Gilberto alirekodi « Chega de Saudade », wimbo wa Tom Jobim na Vinicius de Moraes. Alichukua samba, muziki wa wajukuu wa watumwa waliotolewa Kongo, Angola na kwingine, akaufunga ndani ya gitare moja: kidole gumba kinapiga kama ngoma kubwa, vidole vingine vinajibu kama ngoma ndogo. Na sauti yake haitembei pamoja na gitare. Inachelewa, inatangulia, kisha vinakutana mwishoni. Utamu wote uko mu ule ugomvi mudogo.

Sasa, pop inapenda mapigo yaliyo sawasawa. Ndiyo sababu, kila mara wanapochanganya, sisi tunauliza jambo moja: ule ugomvi umebaki? Mwaka 1966 Sérgio Mendes alileta piano na sauti za wanawake wawili, akafanya « Mas que nada » ya Jorge Ben ijulikane mbali sana. Ilichezesha, na bado ilipumua. Lakini mwaka 2006, alipoirudilia pamoja na Black Eyed Peas, mashine ya ngoma ilifunika yote. Kulibaki kiitikio tu, kama picha ya marehemu ku tisheti.

Bebel Gilberto, binti ya João, ndiye alitufurahisha. Mu albamu « Tanto Tempo » ya mwaka 2000, Suba, fundi wa sauti aliyetoka Serbia (alikufa mwaka 1999, mbele albamu itoke), aliweka mashine chini chini, akaacha nafasi. Bebel anachelewa kama baba yake, na mashine inamungoja.

Kuna watakaosema tunataka muziki ulale mu makumbusho. Hapana! Bossa nova yenyewe ilishitakiwa kwamba imekopa jazi ya Marekani. Na mwaka 2021 Anitta, mutoto wa Honório Gurgel, mutaa ulio mbali na bahari ya matajiri, aliazima melodi ya Ipanema mu « Girl from Rio ». Mule kuna ugomvi mwingine: anasema wasichana wa Rio siyo wale wa picha ya zamani. Kwa maneno, tunamukubali. Kwa masikio, tunarudia kwa Bebel.